MAISHA YA GEORGE WASHINGTON CARVER, BWANA KARANGA



Mhariri ameniomba niandike habari za mtu mashuhuri wa zamani, nami nimemchagua mtu ambaye wengi wenu mmekwisha kulisikia jina lake. Mimi nilimjua kwanza katika mwaka wa 1966, nilipokuwa kidato cha pili, kwa kusoma kijitabu chembamba cha maktaba ambacho jalada lake lilikuwa limetoka, na kurasa zake za mwisho zilikuwa zimenyofolewa, nadhani na mtu aliyetaka karatasi ya kusokotea sigara. Mwalimu mmoja alituambia kwamba Carver ndiye aliyebuni siagi ya karanga, tena kwamba alitengeneza vitu 300 kutokana na karanga. Tukayaandika hayo katika madaftari yetu na kuyakariri kwa ajili ya mtihani. Baadaye nilifanya kazi ya mganga msaidizi katika zahanati za Teso kwa miaka 35, na huko ndiko nilikogundua kwamba habari ile tuliikariri vibaya, na sehemu yake iliyo bora tuliiacha. Kwa hiyo naomba mnivumilie niisimulie upya.

George alizaliwa mtumwa, karibu na kijiji cha Diamond Grove katika jimbo la Missouri, nchi ya Marekani. Mwaka ulikuwa 1864 au karibu na hapo, maana siku za kuzaliwa za watumwa hakuna aliyejali kuziandika. Bwana wake alikuwa mkulima aitwaye Moses Carver, na mama yake aliitwa Mary. Baba yake hakumjua. Alipokuwa bado mtoto mchanga, wanyang'anyi waliingia usiku wakamchukua yeye na mama yake, wakatoroka nao kuelekea Arkansas. Moses Carver alimtuma mtu awafuate. Mtu yule alirudi na mtoto peke yake, hali yake mahututi kwa kifaduro, na husimuliwa kwamba Carver alimlipa mtu huyo kwa farasi. Mary hakuonekana tena.

Utumwa ulikomeshwa Missouri mwaka wa 1865. Moses Carver na mkewe Susan hawakuwa na watoto, basi wakamlea George pamoja na kaka yake Jim. Jim alikuwa na nguvu, akapelekwa shambani. George alikuwa dhaifu tangu kifaduro kile, kwa hiyo alibaki jikoni na Bibi Susan akijifunza kupika, kufua na kushona. Muda uliobaki aliingia porini akachimbua miche na kuipanda mahali pa siri, hata majirani wakaanza kumletea mimea yao iliyonyauka ili aiponye. Msipite hapa kwa haraka. Mabwana shamba wengi niliowajua maishani mwangu walijua shamba tu, na chungu hawakukijua. George alijua vyote viwili, na aliyemfundisha chungu ni udhaifu wa mwili wake.

Shule iliyokuwa karibu ilikuwa ya watoto weupe, naye hakuruhusiwa kuingia. Basi, akiwa na umri wa miaka 11 au 12, alikwenda kwa miguu mpaka mji wa Neosho, mwendo wa kilometa 13 hivi, kwa kuwa huko kulikuwa na shule ya watoto weusi. Usiku wa kwanza alilala katika banda. Asubuhi alikutwa na mama mmoja mweusi, Mariah Watkins, mkunga tena dobi, ambaye nyumba yake ilipakana na shule. Mama huyo alimchukua akae kwake. Saa ya mapumziko wenzake walipocheza, George aliruka ua akaenda kufua nguo za watu. Mama Mariah alimfundisha miti ya dawa, akamsihi ajifunze yote atakayoweza kisha awarudishie watu wake.

Alipomaliza kilichokuwapo Neosho alihamia Kansas, akazunguka mji hadi mji akipika na kufua ili alipe karo. Katika mji wa Fort Scott, mwaka wa 1879, aliona kwa macho yake kundi la watu weupe wakimwua mtu mweusi na kuuchoma mwili wake. Alitoka mji ule mara moja. Miaka michache baadaye chuo kimoja cha Kansas kilimkubali kwa barua, lakini alipofika na mizigo yake, wakubwa walipouona uso wake walimwambia arudi alikotoka. Alikwenda kulima peke yake katika nchi kavu ya magharibi ya Kansas, na kwa miaka kadhaa ilionekana kana kwamba masomo yamekwisha.

Mwaka wa 1890 alipokelewa katika chuo cha Simpson, jimbo la Iowa, akajifunza uchoraji. Mwalimu wake wa uchoraji, Bi Etta Budd, alikiona kipawa chake, lakini aliona pia kwamba mtu mweusi atakufa njaa kwa kuchora. Baba yake Bi Budd alikuwa mwalimu wa kilimo cha bustani katika chuo cha kilimo cha Iowa, huko Ames, basi akamshauri George aende huko. Alikwenda mwaka wa 1891, mwanafunzi mweusi wa kwanza wa chuo kile. Mwaka wa 1894 alipata digrii ya kwanza, na mwaka wa 1896 digrii ya pili, naye alikwisha pewa kazi ya kufundisha hapo hapo. Elimu aliyoipenda zaidi ilikuwa ya kuvu wanaoharibu mimea. (Uchoraji nao hakuuacha kabisa: picha yake moja ilionyeshwa katika maonyesho makubwa ya Chicago mwaka wa 1893.)

Mwaka ule ule wa 1896, Booker T. Washington, mkuu wa chuo cha watu weusi cha Tuskegee huko Alabama, alimwandikia aje aongoze idara ya kilimo. Carver aliacha maabara nzuri ya Iowa akaja mahali pasipo na maabara kabisa. Yeye na wanafunzi wake waliokota chupa, mitungi na nyaya katika majalala ili watengeneze vyombo vya kufanyia majaribio. Wala msidhani kwamba alipokewa kama malaika. Walimu wenziwe walinung'unika kwa sababu alipewa vyumba viwili, kimoja cha mimea yake, hali wao walibanana wawili wawili. Naye Washington alimkalipia mara nyingi juu ya banda la kuku, kwa kuwa Carver hakuwa hodari wa kusimamia kazi za ofisi, na hesabu za kuku hazikuwa sawa.

Nje ya chuo hali ilikuwa mbaya zaidi. Wazee wetu wa Teso watanielewa wakisikia kwamba shida ya Alabama iliitwa pamba. Pamba ilipandwa mwaka hata mwaka katika ardhi ile ile mpaka udongo ukachoka. Wakulima weusi wengi hawakuwa na ardhi yao. Walilima ya mwenyewe, wakakopa chakula dukani, na deni lililipwa kwa pamba. Kwa hiyo pamba ilipandwa mpaka mlangoni, na nafasi ya bustani haikubaki. Walikula unga wa mahindi, mafuta ya nguruwe na asali nyeusi ya miwa, asubuhi na jioni. Katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20 ulienea kusini mwa Marekani ugonjwa wa pelagra, unaobabua ngozi, unaoharisha, unaovuruga akili na hatimaye kuua. Watu walidhani ni wa kuambukiza. Daktari Joseph Goldberger alionyesha mwaka wa 1915 kwamba unatokana na chakula, na mwaka wa 1937 ikajulikana kwamba kinachokosekana ni vitamini iitwayo niasini. Sasa angalieni: gramu 100 za karanga zina miligramu 12 hivi za niasini, na mwanamume mzima huhitaji 16 hivi kwa siku.

Carver hakujua neno niasini alipoanza. Alijua kwamba udongo umechoka na watu wamechoka, na akatafuta mimea ya kuponya vyote viwili. Alianza na kunde na viazi vitamu, kisha akafikia karanga. Kunde na karanga ni za jamii moja na maharage (karanga huitwa kokwa kwa mazoea tu), na mizizi yake ina vinundu vyenye vijidudu vinavyovuta naitrojeni ya hewani na kuitia katika udongo. Ndiyo sababu wimbi lililopandwa baada ya karanga hustawi, jambo ambalo bibi yangu alilijua bila kwenda Iowa. Tena punje ya karanga ni robo protini, na karibu nusu yake ni mafuta, chakula cha kujenga mwili kwa mtu asiyeweza kununua nyama.

Mmea huu wenyewe ulikuwa umesafiri sana. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Wareno waliuleta Afrika, na merikebu za watumwa zikaupeleka Amerika ya Kaskazini. Huko watu wa kusini huziita karanga goober, na neno hilo ni lile lile nguba la ndugu zetu wa Kongo. Mababu wa wanafunzi wa Carver walivushwa bahari bila kitu, ila jina la chakula walibaki nalo mdomoni.

Mkulima hakuweza kuja chuoni, basi chuo kilimfuata. Mwaka wa 1906 Tuskegee walitengeneza gari la kukokotwa na nyumbu, lenye majembe, mbegu na vyombo vya maonyesho, likazunguka vijijini kufundisha. Carver ndiye aliyepanga vya kutiwa ndani. Aliandika pia vijitabu kwa lugha nyepesi, na mwaka wa 1916 akatoa kile cha karanga: jinsi ya kuzilima, na njia 105 za kuzitengeneza kwa chakula. Humo mna supu, mikate, keki, hata kuku wa uongo aliyefanywa kwa karanga. Mapishi mengi aliyakusanya kutoka vitabu na magazeti ya wengine, naye hakuficha hilo. Hakuwa anatafuta sifa ya kubuni. Alitaka mama mwenye sufuria moja aone kwamba kilicho ghalani mwake ni chakula.

Hapa lazima niseme jambo langu mwenyewe. Mwaka wa 1978 mama mmoja aliniletea mtoto wa miaka miwili. Miguu ilikuwa imevimba, nywele zimekuwa nyekundu na laini, ngozi inabanduka, na mtoto hana hata hamu ya kulia. Ilikuwa kwashakoo, ugonjwa ambao madaktari wa Mulago, Kampala, walikuwa wameuchunguza sana tangu miaka ya 1950. Nilimwuliza mama anampa nini, akasema uji wa mihogo. Nilimwuliza analima nini, akasema karanga, na magunia matatu yako nyumbani yakimngojea mnunuzi. Nilinyamaza kwa aibu. Kwa miaka minne nilikuwa nimewafundisha akina mama kuchemsha maji na kuchimba vyoo, na njia 105 za Carver zilikuwa kichwani mwangu kama jibu la mtihani, lakini sikuwahi kumwambia mama hata mmoja atwange konzi ya karanga aitie katika uji wa mtoto. Mtoto yule alipona baada ya majuma mengi hospitalini. Wa kitanda cha pili hakupona.

Tangu siku hiyo kinu kilikaa mlangoni mwa zahanati yangu. Niliwaonya wasiwape watoto wadogo punje nzima, maana huwapalia, bali zilizosagwa. Na kama mtoto akivimba midomo au kubanwa pumzi baada ya kula karanga, asipewe tena na aletwe upesi. Niliwaonya pia juu ya kuvu. Mwaka wa 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza, na ikagunduliwa kwamba mashudu ya karanga waliyolishwa yalikuwa na sumu ya kuvu, ambayo siku hizi huitwa sumukuvu. Sumu hiyo hudhuru ini la binadamu vilevile, na kupika hakuiondoi. Karanga zianikwe zikauke kabisa, na zilizoota ukungu, zilizosinyaa au chungu zitupwe. Mara nyingi nimewaza kwamba Carver, bingwa wa kuvu tena bwana wa karanga, alikufa miaka 17 kabla jambo hilo halijajulikana.

Turudi kwake. Mwaka wa 1921 wakulima wa karanga walimpeleka Washington, mbele ya kamati ya Bunge, kuomba ushuru juu ya karanga zinazotoka nje. Alipewa dakika kumi. Mjumbe mmoja alimtania juu ya matikiti maji, mzaha wa kuwadharau watu weusi, naye akaupuuza akaendelea kutoa vitu vyake mkobani kimoja kimoja, maziwa ya karanga, peremende, rangi, mpaka kamati ikamruhusu aseme muda wowote autakao. Tangu siku hiyo magazeti yalimfanya kuwa mtu wa miujiza.

Na miujiza ndiyo iliyoharibu habari zake. Siagi ya karanga hakuibuni yeye. Mkanada aitwaye Marcellus Edson alipata hataza ya karanga zilizosagwa mwaka wa 1884, Daktari Kellogg akafuata na yake katika miaka ya 1890, na mama zetu walisaga karanga juu ya jiwe bila hati ya mtu yeyote. Vitu vile 300 vingi vilikuwa majaribio ya maabara tu, havikufika dukani. Carver mwenyewe alipata hataza tatu tu maishani, kati ya 1925 na 1927, za vipodozi na rangi.

Kisha yakaja mafuta. Carver aliwakanda kwa mafuta ya karanga watoto waliopooza kwa polio, na mwishoni mwa mwaka wa 1933 magazeti yalitangaza habari hizo nchi nzima. Watu walimiminika Tuskegee wakiwa wamebeba watoto wao, weupe kwa weusi, katika jimbo ambalo hawakuruhusiwa kukaa benchi moja. Aliwakanda kwa subira, na wengine walipata nafuu, lakini madaktari waliona kwamba kilichosaidia ni mikono yake na mazoezi, si mafuta. Mimi simlaumu kwa huruma yake. Lakini niliwahi kuona wagonjwa wakiacha dawa kwa sababu ya chupa ya mafuta yaliyosifiwa, kwa hiyo sipendi sehemu hii isimuliwe kama ushindi. Karanga ni chakula, na sifa hiyo inatosha. Uchunguzi uliofanywa Hispania, uliotolewa mwaka wa 2013 na kusahihishwa mwaka wa 2018, ulionyesha kwamba watu waliokula gramu 30 za kokwa za aina mbalimbali kila siku, pamoja na mboga, samaki na mafuta ya zeituni, walipata magonjwa ya moyo na kiharusi kwa uchache kuliko wenzao.

Karibu na kustaafu kwangu, zahanati ililetewa pakiti za kutibu watoto waliokonda. Wafaransa wawili, André Briend na Michel Lescanne, walizitengeneza mwaka wa 1996, na tangu 2007 Shirika la Afya Duniani limekubali kwamba mtoto mwenye utapiamlo mkali, kama hana matatizo mengine na bado ana hamu ya kula, anaweza kutibiwa nyumbani kwa chakula cha namna hiyo. Nilipasua pakiti ya kwanza mbele ya akina mama. Mmoja alilamba kidole, akaniuliza kama hizi si karanga. Nilimwambia ndizo, pamoja na maziwa ya unga, sukari, mafuta na vitamini. Wengine wakacheka, kwa kuwa soko la juzi lilikuwa limechukua zao zote.

Kwa kuwa kurasa za mwisho za kijitabu kile hazikuwapo, nilikuwa mtu mzima kabla sijajua Carver aliishaje. Hakuoa. Aliamka kabla ya mapambazuko akatembea porini, na kila siku alichomeka ua katika koti lake kuukuu. Fedha hakuzipenda, akiba yake ya maisha, kiasi cha dola 60,000, aliiachia mfuko wa utafiti aliouanzisha Tuskegee. Alianguka katika ngazi, na tarehe 5 Januari 1943 akafariki, baada ya kukaa katika chuo kile miaka 46. Mwezi wa Julai mwaka huo huo serikali ya Marekani ililifanya shamba alikozaliwa mtumwa kuwa mahali pa kumbukumbu ya taifa, na hakuna mtu mweusi aliyepata kupewa heshima hiyo kabla yake. Alizikwa Tuskegee, kando ya Booker T. Washington, yule aliyemkalipia juu ya kuku.